Gitaa Lililofunzwa Dirishani

Njooni mkae hapa kitandani, wanangu, pandisheni miguu, na wewe mdogo wangu simama hapo mlangoni usikie kila neno, maana hawa bado wadogo, na kesho mtu akija kusema mama yenu aliacha hivi na vile, wewe ndiye utakayemwambia hapana, nilikuwepo. Gari la hospitali linakuja saa tisa. Daktari amesema uvimbe ni mkubwa na atajitahidi, na mimi nimefika kidato cha nne, najua daktari akisema atajitahidi ana maana gani. Naogopa, siwafichi, kwa hiyo nasema mbio mbio na nyinyi nisikilizeni mbio mbio.

Kwanza shangazi yenu. Ni damu ya marehemu baba yenu, mtamwamkia na mtampisha kiti, lakini kwake hamwendi kukaa. Mtakaa hapa na mama yenu mdogo, na masomo yenu yataendelea kwenye meza hii hii. Tangu nilipowatoa shule shangazi hajanyamaza, kutwa ananiimbia asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mimi kila siku namuuliza, wifi yangu, kwani mimi ni mama yao au ni jirani? Darasa la watoto tisini, huyu wa kati akamaliza muhula mzima mwalimu hajui jina lake, daftari halina hata alama moja ya vema, eti hiyo ndiyo elimu niliyowanyima! Kisebusebu na kiroho papo yule. Mkiimba anasonya, wageni wake wakija anatuma mletwe mwimbe.

Sasa sikilizeni habari ya gitaa, maana hamjawahi kuisikia yote. Mlijua nafagia kwenye chuo cha muziki, hamkujua kwamba nilikuwa naiba. Ndiyo, naiba. Mwalimu mkuu pale, yule wa suti ya kahawia anayepima vidole vya watoto kwa rula kabla ya kuwapokea kama seremala anayechagua mbao, alikuwa anafundisha gitaa saa nne, na mimi saa nne nafuta kioo cha dirisha la darasa lake. Kioo kimoja nilikifuta miezi saba. Nilikariri vidole vyake, nikirudi nyumbani nawaonyesha kwenye mpini wa ufagio, mpaka mlinzi wa pale akanipa lile gitaa bovu walilolitupa stoo, nikaliziba tumbo kwa gundi. Alikaripiwa kwa ajili yake, mzee wa watu, na hakunitaja. Huyo mtamsalimia kila mkipita, na mtamwambia sikusahau.

Mwalimu alipogundua mfagiaji anaangalia, akatundika pazia. Pazia! Mtu mzima, vyeti ukuta mzima, anaogopa ndoo na dekio. Basi nikabaki kusikiliza, nikawa nawaletea nyimbo masikioni, ndiyo maana tunaimba kwanza, tunapiga makofi, ndipo tunagusa nyuzi, ndiyo maana huyu wa kati alielewa nusu na robo kwa makofi kabla hajaziona kwenye hesabu, na wale wanafunzi wake wa rula, ukiwaondolea karatasi, wanakodoa macho kama kuku aliyemwagiwa maji. Debe tupu haliachi kuvuma.

Lakini kosa nililifanya, na ni langu. Mwalimu alikuwa anakaa ameelekea dirishani, mimi namtazama, shingo ya gitaa lake kwangu ilionekana iko kulia, nikaiweka kulia. Sikujua kwamba mtu aliye mbele yako kulia kwake ni kushoto kwako. Mtu wa kidato cha nne! Nikawafundisha nyinyi wakubwa wawili kushika upande mwingine, nyuzi juu chini, na mkapiga hivyo, na mkapiga vizuri.

Mwanangu mkubwa, nitazame. Siku nilipokupeleka mbele yake ulipiga wimbo mzima, hukukosa popote, na yeye hakusikiliza hata nusu, akakutazama mikono tu kisha akauliza, "Huyu kafundishwa na nani, na kioo?" Darasa zima likacheka. Wewe unakumbuka kicheko. Mimi nakumbuka nilichosema. Nilisema, "Samahani, mwalimu." Nilimwomba radhi yule kwa sababu wewe umepiga vizuri! Tangu siku ile hujaligusa gitaa, leo wiki ya sita, na mimi mbele ya wadogo zako nikakuita mwoga. Mwoga nilikuwa mimi, mwanangu. Hilo ndilo deni langu kubwa kuliko yote, nalilipa sasa, na mama yako mdogo ni shahidi.

Maana shangazi ameshakwenda kwa yule mwalimu kwa siri. Nimeambiwa. Wamekubaliana, nikishaondoka mimi, mwalimu atakuchukua wewe peke yako, atakufunga mkono wa kushoto kwa kitambaa mwezi mzima mpaka usahau, ndipo aanze kukufundisha kama mtu. Kama mtu! Mdogo wangu, akija na kitambaa chake mfungie mlango, umwambie mkono huo una mwenyewe, na sauti ya uzi haina kulia wala kushoto. Mwambie hivyo, asipoelewa amuulize mlinzi wake.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Gitaa ni lenu watatu, haliuzwi. Daftari la nyimbo ni la huyu wa kati, ana mwandiko. Cherehani ni ya mama yenu mdogo, na msibishane. Na huyu mdogo, ambaye hajaanza... mwanangu mkubwa, wewe ndiye utakayemfundisha. Usimfundishe kama mwalimu wa rula, wala kama mimi. Mlazie gitaa mapajani, mwache alishike mwenyewe. Upande atakaoushika, huo huo. Hata ukiwa upande wa yule mwalimu, msicheke, wala msimwambie mama hakupenda. Mimi hasira zangu naondoka nazo. Nyinyi hazitawafaa.

Nimechoka. Saa tisa hiyo inakaribia, nasikia gari, au si gari? Bado. Mungu awalinde, awape mikono isiyotetemeka, msiwahi kumwomba mtu radhi kwa kufanya jambo vizuri. Mdogo wangu, lete gitaa. Mpe mkubwa. Mpe tu. Sikulazimishi, mwanangu, ukitaka likae hapo magotini... Hivyo. Shingo kulia.

Uzi wa tatu umelegea. Ukaze. Tena kidogo. Hapo.

Anza pale panapokushinda, siyo mwanzo. Polepole... wadogo zako watakupigia makofi. Usinitazame usoni, tazama vidole. Endelea. Mwacheni huyo apige honi, endelea, mwanangu... mama anasikia.