Fundi Marinda, Aliyetengeneza Parafujo za Nafaka

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi mliokuja kumsindikiza mlimjua kwa jina la Fundi Marinda, alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa pili kati ya watoto watano. Baba alikuwa karani wa stesheni ya reli, mama alikuwa fundi cherehani. Tulikulia katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, na treni ya mizigo ikipita, mama aliinua mguu kwenye cherehani akasubiri sakafu itulie.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1966, akamaliza sekondari mwaka 1976, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, msichana pekee katika darasa la watu thelathini na mmoja. Huko ndiko alikopatia jina. Mwalimu alikuwa akifundisha parafujo ya nafaka, yaani lile bomba lenye pezi la chuma linalozunguka ndani yake na kupandisha mahindi hadi ghalani. Darasa zima lilikwama, hakuna aliyeelewa bati bapa linageukaje kuwa pezi la kujiviringisha. Marehemu alichukua karatasi na mkasi, akakata duara, akatoa tundu katikati, akalipasua upande mmoja na kulivuta. "Mama hukata marinda hivi hivi," alisema. Mwalimu alicheka, kisha akaenda kutafuta bati. Jina likamganda, na miaka mingi baadaye kuna bibi harusi mmoja aliyefika karakana yake na kitambaa cheupe mkononi akitafuta mshonaji, akakuta cheche zinaruka.

Aliajiriwa mwaka 1980, na mwaka 1985 akafungua karakana yake nyuma ya soko la nafaka. Mteja aliyekuja akitaka bomba nene alipewa kwanza kiti, halafu maswali. Nafaka gani? Kavu au mbichi? Unaipandisha kwa mwinuko gani? Injini yako ina nguvu kiasi gani?

"Mimi nataka kubwa tu, mama," walizoea kusema.

"Kubwa kwa nani? Injini hiyo itakohoa mara mbili izime."

Kisha alipiga hesabu kwa chaki juu ya meza ya chuma: upana wa bomba, nafasi kati ya pezi na pezi, mizunguko kwa dakika. Wenye maharage ya mbegu aliwapunguzia mwendo hata wakinung'unika, kwa sababu mbegu iliyopasuka haioti.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa trekta. Walijuana shemeji alipoleta parafujo akidai imekufa. Marehemu aliitazama akamwambia, "Umefunga mkanda kinyume. Unayashusha mahindi unayotaka kuyapandisha." Ndani ya mwezi mmoja shemeji alirudi na mashine hiyo hiyo mara tatu. Mara ya tatu marehemu hata hakuigusa. "Mashine yako nzima," alisema. "Sema kilichokuleta." Walijaliwa binti wawili na mwana mmoja.

Sasa nafika mahali ambapo naomba mnivumilie, maana ndipo maisha ya dada yalipogeuka, na ni mimi niliyeyageuza.

Alhamisi tarehe 21 Julai 1994, nikiwa na umri wa miaka thelathini, nilikuwa shambani naendesha parafujo aliyoitengeneza yeye. Kwenye mdomo wa bomba, mahindi yanapoingilia, alikuwa amefunga kifuniko cha nondo. Mabua yalikuwa yakikwama hapo kila mara, kazi ikawa haiendi, kwa hiyo nilikifungua. Saa moja baadaye mashine ilichukua mkono wangu wa kushoto.

Dada alifika hospitali akiwa bado na aproni ya kazi. Alifunga karakana miezi saba. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba mashine yake imekula mkono wa mdogo wake. Mimi nilisikia, nikanyamaza. Nilimwacha abebe lawama, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyokuwa vigumu kufungua mdomo.

Februari 1995 alirudi kazini na kifuniko cha aina nyingine. Huwezi kukifungua bila kulegeza mkanda, na mkanda ukilegea, mashine inasimama. Tangu siku hiyo hakuuza parafujo bila kifuniko hicho, na waliokataa kukichukua aliwaonyesha mlango.

Mwaka 2021 alianza kukohoa. Madaktari walisema mapafu yalikuwa yamechoshwa na moshi wa kuchomelea. Mwaka huu, mwezi wa Machi, nilikaa kando ya kitanda chake nikamwambia, "Dada, kile kifuniko nilikifungua mwenyewe."

"Najua," alisema. "Bolti nne zilikuwa mfukoni mwa shati lako. Nilizikuta nikifua."

"Miaka yote hii hukusema?"

Alivuta pumzi kwanza. "Ungeumia mara mbili. Halafu, kifuniko kinachofunguka kwa spana moja mashine ikinguruma, aliyekitengeneza ana la kujibu. Wewe ulikuwa na lako, mimi nilikuwa na langu. Langu nililirekebisha. Lako leo umelisema. Nipe maji."

Nilimpa maji. Niliomba ruhusa ya shemeji na watoto kulisoma hili mbele yenu, nao wakanikubalia.

Marehemu alifariki nyumbani Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita. Kaka yetu mkubwa alimtangulia. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na wadogo zake watatu, nikiwemo mimi. Binti yake wa pili ndiye anayeendesha karakana.

Hao ndio walioandikwa kwenye ratiba. Lakini ameacha pia wakulima wengi, mashamba ya mbali na ya karibu, ambao leo wameamka na mikono yao yote miwili na hawajui hata kwamba yupo mtu wa kumshukuru.

Pumzika, dada. Amani ikufunike.