Mabaki Hayakuwa Sifuri

Ndugu zangu, mama kiongozi wa kikundi chetu cha sala ameniomba mara tatu nisimame hapa, na mara mbili nilijificha jikoni nikajifanya naosha vikombe. Leo vikombe vimekwisha. Mnivumilie tu, maana ushuhuda wangu una hesabu ndani yake, na najua wengi wenu hesabu mliachana nayo kwa furaha.

Mnanijua kama mwalimu wa sekondari hapa Arua. Wengine mmezoea kuniita Daktari. Jina hilo linaniuma, na ndilo lililonisimamisha mbele yenu leo.

Nimezaliwa Abuku, kule Koboko. Wazazi wangu ni wakulima wa muhogo na karanga. Baba alikuwa mwanajeshi zamani, akarudi nyumbani na Kiswahili cha kambini. Shule yake iliishia darasa la nne, lakini hakuna mtu aliyependa masomo yangu kuliko yeye. Nilipoanza kusomea udaktari wa hesabu, aliniuliza hesabu yenyewe ni ya nini. Nikamwambia ni ya mawimbi ya maji. Akasema, "Sasa Koboko bahari iko wapi?" Tulicheka mpaka mama akatoka kuangalia kuna nini.

Ngoja niwaeleze kidogo, sitawachosha. Kuna mlinganyo, yaani kanuni ya hesabu, unaoeleza wimbi linavyokwenda. Kwa mawimbi mapole, ukipata jibu moja na jibu la pili, ukayajumlisha, jumla yake nayo ni jibu. Mawimbi yangu mimi yalikuwa na kichwa kigumu. Wimbi refu hukimbia kuliko fupi, hulifikia, na yakikutana yanasukumana. Ukiyajumlisha hivi hivi tu, umekosea. Kazi yangu ilikuwa kutafuta jibu la mawimbi mawili ya namna hiyo wakati yanapokutana.

Na kwetu sisi watu wa milinganyo kuna desturi isiyo na msamaha. Husemi "nimepata" mpaka ulichukue jibu lako, ulirudishe ndani ya mlinganyo kwa mkono wako mwenyewe, kipande kwa kipande, ukate hiki na kile, mpaka kinachobaki, yaani mabaki, kiwe sifuri. Msimamizi wangu wa chuoni hakuwa na salamu nyingine. Ukimwambia una jibu, yeye anauliza neno moja tu: "Mabaki?"

Basi mwaka mmoja miguu ya baba ikaanza kuvimba. Walimpima wakasema moyo umechoka. Mimi nilikuwa hapa Arua, mtaa wa Awindiri, nafundisha mchana na kuandika jioni. Kila Jumapili alinipigia simu: "Mama, ile hesabu yako iko namna gani?" Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Nami nikaingiwa na hofu kwamba atakufa kabla sijamaliza. Nilitamani sana nimpe kitu cha kufurahia.

Hofu ile ndiyo iliyonikosesha. Nilichukua majibu mawili yaliyojulikana, nikayajumlisha, nikaweka kiraka katikati. Nikachora kwenye kompyuta, mchoro ukapendeza. Nikapima mabaki mahali ambapo mawimbi bado yametengana, nikakuta karibu hakuna kitu. Pale yanapokutana sikupima. Ile kazi ya mkono ilikuwa kama kurasa arobaini, nikasema nitaifanya nikirudi. Nikapanda gari la Koboko.

"Baba, nimepata."

Ndugu zangu, nawaambia, yule mzee alisimama na miguu yake ile. Alikwenda mwenyewe kwa katekista, hakutaka kutumwa mtu. Jumapili ikafanywa ibada ya shukrani, mbuzi akachinjwa, na baba akatangazia kanisa zima, "Mutoto yangu amepata jibu ya maji!" Tangu siku hiyo nikawa Daktari.

Niliporudi Awindiri nikaanza zile kurasa. Kwenye ukurasa wa kumi na moja mabaki yakakataa kwisha. Kipande kimoja, wimbi la kwanza kuzidisha kwa la pili, kimekaa pale pale yanapokutana, na hakuna cha kukikata. Nilijaribu wiki nzima, nikajaribu tena. Jibu langu halikuwa jibu.

Kosa la hesabu si dhambi. Mimi dhambi yangu ilianza hapo. Baba alipopiga nikamwambia, "Naandika, baba." Akasema, "Kuja kidogo nione wewe." Nikamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja, nikasema wiki ijayo. Wengine wenu mnakwenda Koboko asubuhi na kurudi mchana. Mimi miezi mitatu sikwenda. Msidhani nilikuwa na kazi nyingi. Nilishindwa kumtazama usoni mtu aliyechinja mbuzi kwa ajili ya uongo wangu.

Dada yangu akanipigia simu Alhamisi, nikiwa darasani. Hakusema maneno mengi. Alisema, "Amekwenda."

Mnajua kwenye mazishi yetu mtoto husimama kusimulia ugonjwa ulivyokuwa. Nikasimama. Nikaeleza miguu, nikaeleza moyo, nikataja dawa, mambo ambayo mimi mwenyewe nilisimuliwa asubuhi ile kwa sababu sikuwepo. Nilipotaka kukaa, msemaji wa ukoo akaniambia niwaambie pia watu kuhusu lile jibu lililomfurahisha marehemu. Nikatazama jeneza. Nikasema, "Jibu liko tayari."

Sijui kama nimewahi kujichukia namna ile. Nilimdanganya baba akiwa hai, na sasa nikamdanganya akiwa maiti, watu wakanipigia makofi.

Baada ya hapo niliporomoka. Barua za msimamizi sikuzijibu. Walioniuliza habari za mahafali niliwaambia nasubiri tarehe. Darasani, tulipofika kwenye somo la mawimbi, nilimwomba mwenzangu anifundishie, nikasema koo linauma. Nilikonda mpaka nguo zikanipwaya. Na kurasa zangu nikawa nawashia sigiri, jiko langu la makaa, mbili mbili, kila asubuhi.

Jirani yangu ni mama kutoka Sudan Kusini anayeuza samaki wakavu. Yuko hapa, lakini amenikataza kumtaja, nami namwogopa. (Msigeuke kumtafuta!) Asubuhi moja alikuja kuomba kaa la moto, akaniona nakunja karatasi.

"Dada, hii yote umeandika na mkono, halafu unachoma?"

"Iko mbaya," nikamjibu.

"Mbaya namna gani?"

Ndugu zangu, kwa miezi yote ile hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamweleza. Mawimbi, mbuzi, jeneza, yote. Alisimama na kaa lake mpaka likazima. Kisha akauliza, "Mama yako anajua?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi twende. Mimi baba yangu sikumuzika hata. Hii kitu inakula mutu."

Siku ile ilikuwa siku yake ya kuuza katika soko la Inde. Aliacha samaki wake ndani, akanisindikiza mpaka Abuku.

Tulimkuta mama akimenya karanga. Nikapiga magoti nikamwambia kila kitu. Aliendelea kumenya, mimi nikadhani hajasikia. Kisha akasema kwa Kikakwa, nami nawapa kwa Kiswahili, "Baba yako alijua. Aliisikia sauti yako kwenye simu, akasema hesabu imemkataa huyu. Akataka nikupigie nikwambie uje tu, uje na hiyo hesabu yako mbaya, mle muhogo pamoja. Mimi ndiye niliyemwambia akuache, usije ukaaibika. Mimi ndiye niliyekuzuia."

Tulilia sote watatu. Mimi nilidhani ninabeba peke yangu, kumbe mama naye alikuwa amebeba lake, na kila mmoja alikuwa akimficha mwenzake.

Jumapili iliyofuata nilisimama kwenye kanisa lile lile nikasema mimi si daktari na jibu halikuwa jibu. Bibi mmoja wa nyuma akauliza, "Na yule mbuzi tutamrudisha vipi?" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka huku machozi yananitoka. Hapo ndipo kitu kilipofunguka kifuani.

Nilimwandikia msimamizi. Alijibu mstari mmoja: "Lete ukurasa wa kumi na moja." Ukurasa huo ulikuwa umeshaungua, nikauandika upya kwa kumbukumbu. Tukaanza palepale penye makosa, tukafanya kazi miaka miwili. Jibu tulilopata ni dogo kuliko lile nililojisifia, ni la hali moja tu. Kurasa zote nilizifanya kwa mkono, mara mbili, na mabaki ni sifuri. Linasema kwamba mawimbi yale yakishakutana hupitana, kila moja likatoka na umbo lake, ila halitokei pale ambapo lingekuwa kama yasingekutana. Kitabu changu cha udaktari kiko kwa watahini. Mpaka wajibu, naomba mniite mwalimu.

Siku nilipofika kwenye sifuri nilichukua simu nimpigie baba. Kidole kilikuwa kimeshabonyeza jina lake ndipo nikakumbuka. Nilikaa chini nikalia, na hilo halijaniishia hadi leo, sitawadanganya.

Namshukuru mama yangu. Namshukuru msimamizi ambaye hakunisimanga. Namshukuru huyu jirani yangu niliyekatazwa kumtaja, na ninyi wa kikundi hiki mlionilisha bila kuuliza kwa nini nimekonda. Namshukuru Mungu aliyenipa watu kabla hajanipa jibu.

Somo langu ni fupi. Mtu anayekupenda hangoji hesabu yako itoke sawa. Anakungoja wewe, na hana muda mrefu kama unavyofikiri. Kwa hiyo, kama kuna mtu hapa anayesubiriwa mahali, na hajaenda kwa sababu mambo yake hayajanyooka, asisubiri sala ya kufunga. Ainuke sasa hivi aende. Sitasema amenidharau.