Aliyekataa Kusema Wote Wako Salama

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mkurugenzi wa Mipango anakabidhi ofisi baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, chini ya Makamu Wakuu sita wa chuo chetu. Wengi tunamwita Mama Tuhakikishe. Yeye hujifanya hasikii, kisha huitika.

Alianza kama karani wa takwimu, akapanda taratibu hadi kuongoza uandishi wa mipango mkakati mitatu. Ndiye aliyeanzisha mafunzo ya viongozi kujiandaa kwa majanga, na wakuu wa vitivo waliyaogopa kuliko mitihani yao ya udaktari. Katikati ya zoezi humwambia Makamu Mkuu kwamba ameshafariki, hivyo anyamaze, halafu huwauliza waliobaki nani sasa anatoa amri. Mkubwa mmoja alimlalamikia mkewe kuwa ameuawa mara mbili ndani ya muhula mmoja.

Miaka kumi na minne iliyopita haikuwa zoezi. Saa nne asubuhi moto ulizuka kwenye maabara ya kemia. Daftari la mahudhurio lilikuwa na saini sitini na tatu. Uwanjani walihesabiwa wanafunzi sitini na wawili. Moto ulipozimwa, wazazi walikuwa wanapiga simu mfululizo na waandishi wa habari wamejaa getini. Watu wakasema huyo mmoja bila shaka alisaini akatoroka, si unawajua wanafunzi. Taarifa kwamba wote wako salama ikachapwa, Makamu Mkuu akasimama kwenda kuisoma.

Mama akaichukua karatasi mkononi mwa Makamu Mkuu, akaikunja, akaitia mkobani. Mkataba wake ulikuwa unaisha wiki hiyohiyo, na wa kuuongeza ndiye huyo aliyesimama mbele yake amefura. Hakurudi nyuma. Aliwasihi askari wa zimamoto, waliokuwa wameshaanza kukunja mipira yao ya maji, waingie tena. Wakamkuta msichana amezimia chooni, ghorofa ya tatu.

Msichana huyo ni mimi ninayeandika haya. Leo ofisi zetu zimepakana.

Makamu Mkuu alimnunia wiki nzima. Kisha akausaini mkataba, na akaagiza kila kiongozi mpya apitie kwanza mafunzo ya Mama.

Sijawahi kumshukuru ipasavyo, maana kila nikianza huniuliza ripoti iko wapi. Leo hana pa kunikatizia. Mama, wenzako wote tunakutakia afya tele na asubuhi nyingi zisizo na vikao. Nami nakushukuru pamoja na wanangu wawili, ambao bila wewe wasingezaliwa.