Mwalimu Protase Kaijage, Baba Aliyetupikia

Waheshimiwa mapadre, ndugu, jamaa na majirani. Wasifu huu umeandikwa na Gozbert, mtoto wa kwanza wa marehemu, na ndiye anayeusoma. Humu ndani anajitaja kwa jina lake kama anavyotajwa mtu mwingine, kwa sababu yapo maneno ambayo akiyasema kwa "mimi" sauti haitafika mwisho.

Mwalimu Protase Kaijage alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 huko Kamachumu, Muleba, akiwa kitinda mimba wa Mzee Kagaruki na Bibi Kokuhirwa. Baba yake alifariki Protase akiwa na miaka minane. Dada zake walikuwa wamekwisha kuolewa, na mama yake alishinda kwenye vibarua vya kuchuma kahawa. Jiko likabaki mikononi mwa Protase. Alijifunza kumenya ndizi kabla hajajua kugawanya kwa tarakimu mbili, na mwenyewe alipenda kusema kwamba katika hayo mawili, ndizi zilimpa shida zaidi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1957 katika shule ya msingi ya kijijini, akaendelea na shule ya kati, kisha akachaguliwa kwenda chuo cha ualimu mwaka 1967. Madaftari hayakumtosha. Kila muhula ulipokwisha alikusanya madaftari yaliyotupwa na wenzake, akachana kurasa ambazo hazijaandikwa, akazishona kwa uzi na kupata daftari jipya. Daftari moja la namna hiyo bado liko nyumbani. Kurasa zake zina mistari ya aina tano, na mwandiko ni ule ule ulionyooka tangu mwanzo hadi mwisho.

Januari 1969 aliajiriwa kuwa mwalimu, na kwa miaka thelathini na tisa alifundisha hisabati katika shule za msingi wilayani Muleba, hadi alipostaafu mwaka 2008. Wengi mliokaa hapa chini ya turubai mmepita mikononi mwake.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa takatifu na Klaudia, binti wa Mzee Kyaruzi, ambaye alikuwa muuguzi. Walijaliwa watoto watano. Muuguzi ana zamu za asubuhi, za mchana na za usiku, Krismasi yumo na Pasaka yumo. Nyumba ilikuwa na watoto watano na mama ambaye wiki nzima huenda hawakumwona isipokuwa akiwa amelala. Mwalimu hakulalamika, wala hakuita ndugu wa kike kuja kusaidia kama wengine walivyomshauri. Alichukua chaki akaandika ratiba nyuma ya mlango wa jikoni: nani anachota maji, nani anaosha vyombo, nani anapeleka maganda kwa mbuzi. Kwenye upishi aliandika jina lake mwenyewe, siku zote saba.

Nyumba ile haikutupa kitu. Mche wa sabuni ulikatwa vipande kwa uzi, ukaanikwa juu ya dari la jikoni mpaka ukakauka, kwa sababu sabuni kavu haiishi haraka. Vipande vilivyobaki vidogo kama ukucha vilitiwa ndani ya soksi, soksi ikafungwa mdomo na kuning'inizwa kwenye pipa la maji, na kila mtu alinawa nayo. Kola ya shati ikichakaa, Mwalimu aliifumua, akaigeuza upande wa ndani ukawa wa nje, akaishona tena. Sweta la Gozbert lilifumuliwa likawa la Clotilda, la Clotilda likawa la Audax, na kila mara liliongezwa uzi wa rangi iliyopatikana. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye mchicha. Majivu yalisugua masufuria, na yaliyosalia yakapelekwa kwenye migomba.

Zaidi ya yote lilikuwapo kapu. Lilikuwa kapu kubwa la kawaida, la kubebea ndizi, ambalo Mwalimu alilijaza majani makavu ya mgomba na ndani akashonea sare za mkewe zilizochakaa, tabaka juu ya tabaka, akaacha shimo katikati la kutosha sufuria. Maharage yalichemka nusu saa tu motoni, kisha sufuria ikatumbukizwa humo na kufunikwa kwa mto wa majani. Yaliiva yenyewe bila kuni. Ma Klaudia alipotoka zamu ya usiku saa moja na nusu asubuhi, watoto wakiwa wamekwisha kwenda shule na mume wake yuko darasani, alifunua kapu akala chakula cha moto. Kwa miaka ishirini na minane ya utumishi wake, Ma Klaudia anasema, hakuna asubuhi hata moja aliyokuta kapu limepoa.

Watu walisema. Kwenye kilabu cha rubisi, pombe ya ndizi, walisema Mwalimu ameolewa na nesi. Siku moja jirani yake, marehemu Mzee Aroni, alimfikishia maneno hayo akidhani atakasirika.

"Waambie ni kweli," Mwalimu alimjibu, huku anachambua maharage barazani. "Na waambie nimeolewa pazuri."

Mwalimu hakuona aibu. Walioona aibu ni watoto wake, na aliyezidi wote ni Gozbert.

Mwaka 1993 Gozbert alikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni mjini Bukoba. Jumapili ya wazazi kutembelea watoto, Mwalimu alipanda basi kutoka Muleba akiwa na kapu lile magotini. Alipolifungua chini ya mti wa shule, ndizi za ebitoke na maharage vilikuwa bado vinatoa mvuke. Wenzake Gozbert wakasogea, wakala, na mmoja akasema kwa adabu, "Shikamoo mzee. Mwambie mama amepika vizuri."

"Marahaba. Nimepika mimi," Mwalimu akasema. "Mama yake yuko zamu."

Vijana wakatazamana. Mpaka mwaka unaisha, bweni zima lilimwita Gozbert mtoto wa mpishi.

Lakini alichofanya Gozbert hakikungoja bweni. Jioni ile ile, alipomsindikiza baba yake getini, alimwambia, "Tata, siku nyingine aje Mawe. Kama hawezi, asije mtu."

"Mama yako hana Jumapili, mwanangu."

"Basi asije mtu."

Mwalimu alihamisha kapu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Sawa," alisema, akaenda kusubiri basi.

Hakuja tena mpaka mahafali ya kidato cha nne. Siku hiyo alivaa suti, akakaa safu ya mwisho. Wazazi wengine walikuja na masufuria na keki. Mwalimu alikuja mikono mitupu, na wenzake Gozbert walipokuwa wanalishwa na mama zao, Gozbert na baba yake walikaa kwenye benchi, wakanywa soda, na hawakupata la kuzungumza. Gozbert alitaka hivyo, akapewa hivyo.

Mwishoni mwa mwaka 2022 Mwalimu aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa Mwanza, kisha Januari 2023 akaja kukaa kwa Gozbert na mkewe Violeth, mtaa wa Bakoba mjini Bukoba, awe karibu na kliniki. Alikuja na begi moja la nguo, na kapu. Violeth alikuwa anatoka kazini jioni amechoka, na wajukuu walikuwa wanarudi shuleni na njaa. Mzee aliona nyumba aliyoijua. Bila kuombwa akaanza kuchemsha maharage asubuhi na kuyalaza kwenye kapu. Mtungi wa gesi uliokuwa unaisha kwa mwezi ukaanza kufika wiki ya saba. Soksi ya sabuni ikatokea kwenye bomba la uani. Violeth alifurahi, na alisema hivyo mbele ya kila mtu. Wajukuu walijifunza kugeuza kola na kushona kapu. Gozbert aliona madumu yaliyokatwa na kuoteshwa vitunguu yakizidi kujipanga kwenye baraza lake, naye akakunja uso.

Agosti ya mwaka huo Gozbert alipandishwa cheo, akawaalika wakubwa wake wa kazi chakula cha mchana siku ya Jumamosi. Asubuhi ile Violeth alikuwa amempeleka Mzee kliniki. Gozbert alitoka barazani akayaona yale madumu, soksi, na kapu lenye mabaka ya masizi na vitambaa vinavyochungulia, akavitazama kwa macho ya wageni ambao walikuwa bado hawajafika. Alizoa vyote akavipeleka nyuma ya nyumba, penye shimo la takataka. Kapu lilikuwa zito. Alihisi uzito huo. Hakufungua kutazama. Alilitupa kama lilivyo, akamwaga mafuta ya taa, akawasha kiberiti.

Mzee aliporudi, majani ya mgomba yalikuwa yamekwisha kuungua na moshi umebaki kidogo. Alisimama pembeni ya shimo na fimbo yake. Gozbert alitoka akiwa na shati jeupe la kupokelea wageni.

"Maharage ulikuwa umeyatoa?" Mzee akauliza.

"Kumbe kulikuwa na maharage, Tata?"

"Ya watoto."

Alichokora majivu kwa fimbo mpaka sufuria ikaonekana, akainama taratibu, akaokota mfuniko wake. Baadaye alioga, akavaa vizuri, akakaa na wageni. Mmoja wao alimuuliza alikuwa anafanya kazi gani enzi zake. "Nilikuwa mwalimu," alijibu, na akawasikiliza wengine wakiongea. Kesho yake, baada ya misa, alimwambia Gozbert kwamba kibanja kule Muleba kinaota magugu na angependa kurudi. Gozbert alimpeleka kwa gari mwenyewe. Njia nzima walizungumza habari za mvua.

Mwaka uliofuata ugonjwa ulienea hadi kwenye mifupa. Ma Klaudia, muuguzi mstaafu, alimuuguza mumewe nyumbani kwa mikono yake. Sasa yeye ndiye aliyepika. Alasiri moja ya Januari mwaka huu Gozbert alikaa kando ya kitanda, wakiwa wawili tu, akakusanya moyo.

"Tata, lile kapu…"

Mzee alimgeukia. "Kapu lipi?"

Gozbert hajui mpaka leo kama baba yake alikuwa amesahau, au alikuwa anamfungulia mlango ili atoke. Anachojua ni kwamba alipolisikia swali hilo alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akasema, "Basi, Tata, si kitu," akamwekea mto vizuri. Nafasi ya kusema ilikuwapo, naye aliiacha ipite huku anafurahi.

Mwalimu Protase Kaijage aliaga dunia Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa mbili asubuhi, nyumbani kwake Muleba, akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Alikuwa amepokea sakramenti, na mkewe alikuwa amemshika mkono.

Jumatatu watu walianza kujaa, na chakula cha waombolezaji kikawa cha kufikiriwa. Ma Klaudia akamwita Gozbert. "Mpigie Violeth simu alete lile kapu. Tata wako aliniambia alikuachieni ninyi Bakoba kwa sababu linawafaa watoto. Tutalaza maharage humo, kuni zisituishie."

Hivyo ndivyo Gozbert alivyofahamu kwamba baba yake alimfichia siri kwa mwaka mmoja na nusu, tena kwa mtu ambaye hakuwahi kumficha jambo.

Alimwambia mama yake yote, palepale jikoni. Ma Klaudia alikuwa na ungo wa maharage mapajani. Aliuliza swali moja tu.

"Na sare zangu zilikuwa bado zimo?"

"Zilikuwamo, Mawe."

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akalitupa, akatoa jingine. Gozbert alikuwa tayari amekwisha kuandika wasifu wa kurasa mbili, wenye vyeo vya baba yake, vyeti na kamati alizokaa, na mama yake alikuwa ameusoma asubuhi. Sasa alisema, bila kuinua macho, "Ule uliouandika, yule mtu simjui. Kaandike mwingine. Na hilo la kapu liandike, mwanangu, ulisome wewe mwenyewe. Usimpe Audax akusomee."

Gozbert ameandika. Hana la kujitetea. Hakuwa mtoto mdogo alipowasha moto ule. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita, na chakula alichokichoma kilikuwa cha watoto wake. Anamwomba radhi mama yake mbele yenu. Anamwomba radhi Violeth, na wanawe, ambao siku ile waliambiwa Babu amesahau kupika. Babu hakusahau. Na anamwomba radhi baba yake, akijua kwamba amechelewa.

Marehemu ameacha mjane, Ma Klaudia. Watoto watano, Gozbert, Clotilda, Audax, Elieth na Mwesiga. Wajukuu kumi na wawili na kitukuu mmoja. Jumanne wajukuu wakubwa wanne waliingia kibanjani na kapu jipya, wakakusanya majani makavu ya mgomba, wakalishona kama walivyofundishwa na babu yao kule Bakoba. Maharage mtakayokula baada ya maziko yamo humo tangu alfajiri. Karibuni mle, yatakuwa ya moto.

Mwalimu Protase, umefanya kazi ya kutosha. Mwenyezi Mungu akupokee, akupumzishe kwa amani. Amina.