Fundi Luka na Picha Isiyotumwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae. Kama redio yako inakwaruza, isogeze dirishani, maana mtu wa leo sitaki akupite. Leo tunamkumbuka Luka Clemens wa Ushirombo, wilayani Bukombe. Luka Clemens, fundi wa makaburi. Amefariki akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Nikisema fundi wa makaburi, msimfikirie mtu wa koleo. Kuchimba wanachimba vijana wa mtaani. Luka alikuja baadaye, familia ikishajipanga kujengea kaburi. Wengine huweka msalaba na marumaru, wakamaliza. Luka alifinyanga watu. Kwa akina Herman kuna babu wa saruji amekaa kwenye kigoda, na ukimtazama vizuri unaona amenuna, kama alivyonuna maisha yake yote. Siku ya kubariki kaburi familia ilicheka. Padri naye alicheka, akajifanya anakohoa.

Dada yake anaitwa Anisia. Mshikeni huyu, wasikilizaji, kwa sababu habari hii ameibeba yeye. Anisia ana shahada ya uzamili na amehangaika miaka kutafuta ufadhili wa kuendelea na utafiti wake. Ameomba huku na huko mpaka majibu anayajua kwa kichwa: tunashukuru, waombaji walikuwa wengi, tunakutakia kila la heri. Katika kuhangaika huko ndipo akaona tangazo ambalo halikumhusu yeye. Nyumba moja ya wasanii, ng'ambo, inawachukua wachongaji na wafinyanzi kwa miezi mitatu. Nauli juu yao, chakula juu yao, na karakana ya kuyeyushia shaba.

Shaba! Luka alikuwa akiiwaza tangu zamani. Alisema saruji inapasuka, na mvua za huku hazina heshima kwa uso wa mtu. Alitaka kujifunza kitu kinachodumu. Lakini mwombaji alitakiwa asiwe ametimiza miaka arobaini, na Luka alikuwa anaitimiza mwaka uliofuata. Ilikuwa mara hiyo au basi.

Tangazo lilitaka picha za kazi zake. Na kazi za Luka ziko wapi? Ziko makaburini. Mnatujua sisi watu wa huku. Kupiga picha siku ya kubariki kaburi, sawa, kila mtu anapiga. Kuichukua sura ya marehemu wa watu ukaipeleka mbali kuombea nafasi, hapo lazima wenyewe waulizwe. Anisia alilalamika kwamba muda unakwisha. Luka akamwambia apande bodaboda, waende.

Wakaenda nyumba kwa nyumba. Kwanza salamu, kisha uji, kisha habari za mvua na za ng'ombe, ndipo waseme kilichowaleta. Akina Herman walikubali. Bibi Sesilia alikubali, ila kwa sharti kwamba wapalilie kaburi la mzee wake kwanza, halafu wasali rozari nzima. Wakapalilia, wakasali.

Likabaki kaburi la Ngusa.

Ngusa alikuwa mchimbaji mdogo, upande wa Bugarama. Duara, yaani shimo la dhahabu, lilimwangukia akiwa chini. Mama yake, Monika, ambaye wote tunamwita Mama Ngusa, alimwomba fundi jambo moja tu: amfanye mwanawe akiwa amepumzika. Luka akamfinyanga amekaa, buti kazivua, anajikanda mguu. Nimekwenda kuuona mguu ule, wasikilizaji. Nilitamani kumuuliza kama bado unauma.

Hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizofanya Luka. Anisia alilijua hilo, na picha yake alikuwa nayo tayari kwenye simu.

Mama Ngusa aliitikia shikamoo zao, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Luka.

"Mwanangu alitoka hapa kwenda kutafuta hela, hakurudi. Nikakuomba umpumzishe, ukampumzisha. Leo unataka kumtuma tena akatafute?"

Luka aliangalia chini. "Nimekuelewa, mama," akasema. Wakaaga.

Siku ya mwisho ya kutuma maombi, Anisia alimbembeleza kaka yake. Watu wale wako ng'ambo. Mama Ngusa hana hata simu ya mtandao. Nani atamwambia? Luka alikuwa anaosha mwiko wake.

"Ifute, Anisia."

"Nikiifuta hupati."

"Najua. Ifute."

Akaifuta mbele yake, akatuma zilizobaki. Anisia ameniambia kwamba hajawahi kufanya jambo la haki likamuuma namna ile.

Jibu lilikuja. Walishukuru, waombaji walikuwa wengi. Ila safari hii waliongeza maneno: mikono ya huyu ni mizuri, lakini hatukuona kazi moja inayozipita nyingine. Anisia alikuwa anamsomea kwa Kiswahili. Luka akamwambia hawana kosa, wamesema walichoonyeshwa, kisha akaenda kuchanganya saruji.

Akatimiza arobaini. Anisia hakuacha kutafuta. Mfadhili huyu anataka cheti cha chuo cha sanaa. Yule anataka barua ya jumba la maonyesho, na Ushirombo nzima jumba hilo utalipata wapi? Mwingine anataka kijana.

Mwezi uliopita Luka Clemens alianguka kazini. Presha. Walimkimbiza hospitali, hakuamka tena.

Msibani Mama Ngusa alikuja, akakaa mkekani kando ya Anisia. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba amefikiri. Ile picha waende wakaipige, waitume, amekubali. Ikabidi Anisia amweleze, taratibu, kwamba watu wale huwachukua walio hai.

Mama Ngusa akasema, "Basi mimi ndiye niliyemzuia."

Anisia alitaka kusema hapana. Alimshika mkono tu. Walikaa hivyo mpaka jeneza likatolewa.

Mama Ngusa, wewe na Anisia mmeniruhusu niyaseme haya, na najua unanisikiliza. Ulikuwa unamlinda mwanao. Fundi alikuelewa, na hakuna siku aliyokulaumu. Zaidi ya hapo sina dawa ya kukupa, mama yangu.

Kwa Anisia, kwa ukoo wa Clemens, kwa waumini wenzake wa Ushirombo, poleni sana. Kaburi la Luka kwa sasa ni tuta la udongo na msalaba wa mbao. Wakati wa kujengea ukifika, familia haijui itamwita nani.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, nawaomba kitu kimoja. Kama kwenu kuna kaburi alilolijenga Luka Clemens, nendeni Jumapili hii. Ng'oeni magugu, futeni vumbi usoni, mkae mtazame bila haraka. Hayo ndiyo maonyesho yake. Hakupata mengine.