Deni la Miguu la Mama Teodosia

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu na jiko, na mwenye kikombe cha uji wa mahindi ya zambarau aendelee kunywa, maana leo nina habari ya kuchangamsha damu. Naam, ni kumbukumbu ya marehemu, lakini marehemu huyu nani angeweza kumsimulia kwa sauti ya chini? Tunamkumbuka Mama Teodosia Callisaya wa kijiji cha Chijipata. Nalirudia jina: Teodosia Callisaya. Jana alfajiri mlikuwa vilimani mkilipokea Jua la mwaka mpya wetu wa jadi, viganja juu, na leo mko nyumbani mnapumzika. Kwa wengi ni sikukuu ya taifa tu. Watu wa Chijipata wanajua kwao ilianzaje. Ilianza na miguu ya mama mmoja, tena miguu mitupu, kwenye jalidi, ile barafu ya alfajiri ya mwezi wa sita!

Turudi mwaka 1978. Teodosia ni mjane mwenye watoto watatu. Bibi yake alimsimulia kwamba zamani, usiku mrefu kuliko yote ulipokwisha, kijiji kizima kilipanda kilima cha Pukara kulilaki Jua likirudi. Baadaye mwenye shamba kubwa akapiga marufuku, na wanyapara wake wakawachapa watu mijeledi. Mwenye shamba alishaondoka. Wanyapara walishaoza makaburini. Hofu ndiyo iliyobaki, na Teodosia hakutaka watoto wake wairithi. Alitaka wapande Pukara pamoja na kijiji chote, basi.

Akawaomba majirani. Wakamcheka, wa kwanza akiwa Casimira Poma, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye ulimi wake haujapata likizo hadi leo.

"We Teodosia, Jua limechomoza bila wewe miaka yote hii. Leo unataka ulishike mkono ulivushe barabara?"

"Na mumeo je? Si anarudi kila jioni, na bado unampokea?"

"Nani kakwambia nampokea?"

Watu wakaangua kicheko, na hakuna aliyekubali.

Hapo ndipo Teodosia alipopata wazo. Wasikilizaji wapendwa, ayni mnaijua: leo miguu yangu kwako, kesho miguu yako kwangu, na anayeikwepa hana uso wa kutembea nao kijijini. Jalidi ilikuwa imeanza, viazi vimetandazwa nyasini vigande usiku, na kila asubuhi vikilainika kwa jua ni kuvikanyaga ili maji yatoke, viwe chuño, viazi vikavu vya kula mwaka mzima. Teodosia akaingia shamba la huyu, akaingia shamba la yule, akakanyaga. Wakimpa supu anakataa. Wakimuuliza atalipwa lini anasema, "Nitakuja mwenyewe."

Binti yake Nicolasa ametuambia: "Mama alirudi miguu imevimba, tukawa tunaipaka mafuta ya mnyama lama. Analia, huku anacheka. Tulidhani baridi imempanda kichwani."

Ikafika jioni ya tarehe ishirini. Teodosia akapiga hodi kwa Casimira.

"Nimekuja kudai ayni yangu."

"Miguu hii hapa, dada. Tuonane shambani kwako asubuhi."

"Shambani siitaki. Naitaka juu ya Pukara, kabla ya jua."

"Umerukwa na akili? Na viazi vyako?"

"Viazi vyangu niachie mwenyewe."

Akapita hivyo nyumba kwa nyumba. Na kila mtu alijua maana yake. Viazi vyake vilikuwa tayari. Visipokanyagwa asubuhi ile vingeoza, na mjane na watoto watatu wasingevimaliza peke yao. Ayni ikishalipwa imelipwa, huwezi kuidai mara mbili. Mwanamke yule alikuwa ameweka chakula cha mwaka mzima cha watoto wake juu ya kilima!

Alfajiri akapanda na wanawe. Juu hapakuwa na mtu. Upepo unakata masikio, mtoto mdogo analia anataka kurudi. Mara kikasikika kikohozi. Kisha manung'uniko. Kisha sauti ya Casimira ikilaani mawe yote ya Pukara, moja baada ya jingine. Walikuja, wasikilizaji wapendwa! Walikuja wote! Dawa ya deni ni kulipa. Na Jua lilipochungulia, viganja vikanyanyuka bila mtu kuamrishwa, na Casimira, yeye mwenyewe, akalia kwa sauti.

Teodosia hakukaa kufurahi. Alishuka mbio, maana jua lile lile lilikuwa linalainisha viazi vyake. Akaanza kukanyaga. Punde akamwona Casimira ukingoni mwa shamba, anavua ndala.

"Deni nimelipa kule juu. Hili ni jipya. Sasa mimi ndiye ninayekudai!"

Nyuma yake kijiji kizima kikavua viatu. Mwaka uliofuata Teodosia akawakanyagia wote, nao wakapanda tena, na tangu hapo Chijipata hawajawahi kumaliza kudaiana. Narudia: hivyo ndivyo sikukuu ilivyozaliwa kwao. Serikali ilipoitangaza, miaka mingi baadaye, Casimira alisema tu, "Wamechelewa. Waambieni wavue viatu."

Mama Teodosia alifariki tarehe kumi na tisa, viazi vyake vikiwa nyasini. Alizikwa siku ya pili yake. Jana watu waliposhuka kutoka Pukara, hawakwenda kwenye supu wala ngoma. Walikwenda shambani kwake. Casimira, bibi kizee sasa, akashikiliwa huku na huku, akavua ndala.

Nicolasa akamwambia, "Mama Casimira, hakuna tena wa kukulipa."

"Nani kakuuliza? Pandisha sketi yako ukanyage."

Tunatoa pole kwa Nicolasa na ndugu zake, na kwa Chijipata yote. Nawe unayenisikiliza, hebu fikiri: ni nani ungemvulia viatu, ukijua fika kwamba hatakulipa?

Familia imetuma salamu. Wanasema viazi vya Mama vimekanyagwa vyote. Hakuna hata kimoja kilichooza.