Mzee Hifadhi na Nyuso Alizoahidi Kuzitunza

Ukimkabidhi mtu sura ya mama yako aitunze, naye akaibana mpaka ikawa ukungu, utamwitaje? Marehemu, mpaka siku yake ya mwisho, alimwita "mwenzangu".

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, katika chumba cha uani nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alisoma hadi kidato cha nne, kisha akajifunza kupiga picha kwa mjomba wake.

Mwaka 1994 alifungua studio na rafiki yake wa toka utotoni. Walikula sahani moja. Kompyuta zilipoingia, marehemu alijitwika kazi ya kufufua picha kuukuu za familia, zilizoliwa na mchwa na unyevu. Kila moja aliihifadhi kwa TIFF, faili kubwa isiyopoteza kitu. JPEG, iliyobanwa ili iwe ndogo, ilikuwa ya kutuma kwenye simu tu. Ndipo watu wakamwita Mzee Hifadhi. Mpwa wake, anayesoma wasifu huu, alipomuuliza tofauti, aliwapanga watoto uani wapokezane maji kwa viganja. Wa mwisho aliambulia vidole vilivyolowa tu.

"Ndiyo JPEG hiyo, ukiibana, ukaifungua, ukaibana tena," alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki, mjomba."

Mwaka 1996 alimwoa muuguzi aliyekuja kupiga picha ya pasipoti akaikataa mara tatu. "Nilimwoa ili karatasi zisiniishie," alipenda kusema.

Januari 2024 figo zilimlaza hospitalini. Huku nyuma mwenzake alitaka nafasi ya video za harusi kwenye kompyuta. Alizigeuza TIFF zote kuwa JPEG ndogo, akafuta zile kubwa, na za kwenye diski ya akiba pia. Marehemu aliporudi studio akijikongoja, alifungua picha moja, akaikuza.

"Zile kubwa ziko wapi?"

"Picha zipo zote, bwana. Kwenye simu nani ataona tofauti?"

"Mimi niliwaahidi watu. Sikuiahidi simu."

Wengi walikuwa wametupa picha zao za karatasi kwa kumwamini. Wiki zake za mwisho alizimaliza akiwapigia simu mmoja mmoja, akiomba radhi kwa kosa lisilo lake. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, alfajiri, kabla hajawafikia wote.

Ameacha mjane, mabinti wawili, dada na mpwa. Mwenzake naye tunaye hapa, mstari wa pili. Mungu ampe marehemu pumziko ambalo wiki zile zilimnyima.

Asubuhi ya Jumatano, siku moja baada ya kifo na kabla wasifu huu haujasomwa, mpwa alikwenda studio kutafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Alimkuta bibi mmoja muuza mitumba, ambaye simu ya marehemu haikuwahi kumfikia. Alitaka picha ya mama yake ikuzwe, aitundike ukutani.

"Ipo, mama. Keti," mwenzake alimwambia, akaichapa.

Bibi aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani. Palipokuwa na macho palikuwa na miraba midogomidogo ya kijivu. Akairudisha mezani.

"Baba, umenipa ya mtu mwingine," alisema kwa upole. "Mwambie Mzee Hifadhi anitafutie ya mama."